LANGALANGA NA MACHO MENGI: Historia fupi ya kuhama kamera

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, zamu za usiku zimenibana kweli kweli, na wale mnaonidai makala ya pili kuhusu viza za manesi naomba mnivumilie kidogo. Leo naandika kitu ambacho wengi hamkutegemea kukikuta hapa: mbio za magari. Si mbio zenyewe, maana nani alishinda na nani alishindwa mtapata kwingine. Naandika kuhusu yule mtu ambaye hatumwoni kabisa, anayekaa mbele ya ukuta wa luninga ndogo ndogo na kuamua kwamba sasa hivi utaangalia kona hii, halafu ndani ya gari lile, halafu angani kwenye helikopta. Kwa mbio za moja kwa moja anaitwa mwongozaji. Kwa picha zilizorekodiwa anaitwa mhariri. Kazi ni ile ile, ila mmoja ana sekunde moja ya kuamua na mwingine ana wiki nzima na chai.

Wodini kwetu luninga huwa inafunguliwa Jumapili mchana, na wazee wa Kiingereza wanapenda langalanga kama sisi tunavyopenda Simba na Yanga. Na wakati wa kiangazi najitolea kwenye hema la huduma ya kwanza katika uwanja mdogo wa karti hapa jirani (karti ni yale magari madogo yasiyo na paa ambayo watoto wanaanzia). Wazazi wanafunga kamera kila mahali, halafu hawajui wafanye nini na mikanda. Walipogundua kwamba najua kuhariri kidogo, kwa sababu ya zile video za harusi nilizokuwa nafanya Tanga kabla ya chuo, basi kazi ikawa yangu. Ndivyo nilivyoingia kwenye historia hii.

Tuanze na wakati ambapo macho yalikuwa machache.

Tarehe 1 Agosti 1976 Niki Lauda wa Austria alipata ajali mbaya Nürburgring, Ujerumani, gari lake likashika moto. Njia ile ya zamani ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 23, imezunguka milima na misitu. Hebu fikiria kuweka kamera kilomita 23 kwa mitambo ya wakati ule, kila kamera na waya wake! Haikuwezekana. Luninga haikuiona ajali. Picha tunazozijua leo za gari likigonga, likirudi barabarani na kuwaka, zilichukuliwa na mtazamaji aliyekuwa amesimama pale na kamera yake ndogo ya filamu ya milimita 8. Dunia nzima inaikumbuka ajali ile kwa jicho moja la mtu ambaye hakuwa kazini. Madereva wenzake, Arturo Merzario, Guy Edwards, Brett Lunger na Harald Ertl, ndio waliomtoa. Lauda alirudi kwenye mbio baada ya wiki sita tu na akawa wa nne Monza. Mimi niliyewahi kuhudumia mapafu yaliyovuta moshi bado siamini. Langalanga haikurudi tena kwenye njia ile ndefu. Sababu kubwa ilikuwa usalama, lakini njia ambayo zimamoto hawawezi kuifikia yote ndiyo hiyo hiyo ambayo kamera haziwezi kuiona yote.

Hapa kuna rafiki yangu wa Nakuru, tunafanya naye kazi, huwa ananiuliza mbona Safari Rally haionyeshwi kama langalanga. Jibu ndilo hilo hilo, mara mia. Safari ilianza mwaka 1953 na ilikuwa inapita Kenya, Uganda na Tanganyika, maelfu ya kilomita za tope na vumbi. Magari yanaondoka moja moja kwa nafasi, hayakimbizani ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo hakuna kuhama kutoka gari la mbele kwenda la nyuma yake, kwa sababu la nyuma liko bondeni dakika kadhaa huko. Mhariri wa rali anasimulia saa, mhariri wa langalanga anasimulia nafasi. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002, ilikuta kamera ndogo ndani ya magari na helikopta juu, na ndipo kwa mara ya kwanza watu wengi waliweza kuona kipande kizima cha njia bila kusimama kwenye vumbi lake. Babu zetu waliona gari kwa sekunde mbili na wakasimulia miaka ishirini.

Sasa turudi nyuma kidogo, mwaka 1966. Luninga zilipokuwa bado zinahangaika, sinema ilikuwa imeshatatua nusu ya swali. John Frankenheimer wa Marekani alitengeneza filamu iitwayo Grand Prix. Alipeleka kamera kubwa za filamu ya milimita 65 kwenye viwanja halisi vya msimu ule, akazifunga kwenye magari yanayokimbia kweli, na Phil Hill, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, akaendesha gari la kamera. Saul Bass naye akaigawa skrini vipande vipande: mkono kwenye gia hapa, tairi pale, uso wa mke jukwaani kule, vyote kwa wakati mmoja. Ilipata Oscar tatu, mojawapo ikiwa ya uhariri. Nawashauri muitafute. Hadithi ya mapenzi iliyomo ni ndefu kuliko inavyostahili, hilo nawaambia mapema, lakini mbio zake bado zinatisha.

Kitu kinachonivutia kwenye filamu ile ni kwamba hupotei. Wanakata haraka sana lakini unajua nani yuko wapi. Siri ni sheria moja ambayo kila mhariri wa mbio anaijua, na ni rahisi mno. Chora mstari kando ya barabara, halafu kamera zako zote zibaki upande mmoja wa mstari huo. Ukifanya hivyo, gari likienda kulia kwenye picha ya kwanza litaenda kulia kwenye picha ya pili. Ukivuka mstari ukaweka kamera ng'ambo, gari lile lile litaonekana linarudi lilikotoka, na mtazamaji kichwa kinamzunguka, anadhani watagongana uso kwa uso. Kama ni lazima uvuke, weka katikati picha isiyo na upande: gari linalokuja moja kwa moja kwenye kamera, au picha ya kutoka angani, au ya ndani ya gari. Ndiyo maana picha ya ndani ya gari ina thamani kubwa kuliko msisimko wake. Ni daraja la kuvukia.

Na picha hiyo ilikujaje kwenye luninga? Mwaka 1979 ndio mwaka wenyewe. Tarehe 18 Februari kituo cha CBS kilionyesha mbio za Daytona 500 kwa Marekani nzima, moja kwa moja kuanzia bendera ya kwanza hadi ya mwisho, jambo ambalo halijawahi kufanyika kwa mbio za maili 500. Sehemu kubwa ya nchi ilikuwa imefunikwa na theluji, watu wamejifungia ndani, wakaangalia. Mzunguko wa mwisho, Donnie Allison na Cale Yarborough wanagombea nafasi ya kwanza, wakagongana na kutoka nje wote wawili. Hebu jiweke kwenye kiti cha mwongozaji. Kamera zako nzuri zote zinawafuata watu wawili ambao sasa hawamo kwenye mbio. Mshindi ni mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamwangalia! Wakamtafuta, wakampata Richard Petty akija na Darrell Waltrip nyuma yake, wakamfikisha kwenye bendera, halafu wakarudi kule kwenye majani ambako Yarborough na ndugu wawili wa Allison walikuwa wanapigana ngumi. Watu wengi wanasema siku ile ndiyo iliyoifanya NASCAR kuwa mchezo wa taifa. Mimi nasema siku ile ilitegemea mtu mmoja kubonyeza vitufe kwa mpangilio sahihi ndani ya nusu dakika.

Septemba mwaka huo huo, kule Bathurst, Australia, Channel Seven walifunga kamera ndani ya Toyota Celica ya Peter Williamson. Haikuwa kamera iliyokodoa macho mbele tu, iliweza kugeuzwa kutoka mbali, na Williamson alikuwa anaongea na watangazaji huku anaendesha. Picha zilirushwa kutoka kwenye gari kwenda helikopta, na helikopta ikazishusha chini. Langalanga yenyewe, pamoja na fedha zake zote, ilichelewa. Mpaka Agosti 1985 ndipo Renault walipoingiza gari la tatu kwenye mbio za Ujerumani, likiendeshwa na François Hesnault, likiwa na kamera ya kurusha moja kwa moja. Hakumaliza mbio. Kamera ilibaki, dereva hakupata tena nafasi ya kushindana langalanga.

Niwape mfano wa kazini ili mnielewe vizuri. Mgonjwa akija analalamika kifua, tunampima moyo kwa kipimo cha ECG. Tunabandika waya 10 mwilini na mashine inatoa michoro 12. Moyo ni mmoja, pigo ni moja, lakini unatazamwa kutoka pande 12. Ukiangalia mchoro mmoja tu unaweza kusema mgonjwa hana tatizo, kumbe ukuta wa chini wa moyo umekosa damu na mchoro mwingine unapiga kelele. Kamera za mbio ni hivyo hivyo. Tofauti ni moja, sisi tunapewa michoro yote 12 kwenye karatasi moja, lakini mtazamaji wa luninga anapewa mmoja mmoja, kwa zamu, na mtu mwingine ndiye anayechagua.

Hilo ndilo linalonifikisha Zandvoort, Uholanzi, tarehe 29 Julai 1973. Hii nitaikalia kidogo.

Roger Williamson, Mwingereza wa miaka 25, alikuwa kwenye mashindano yake ya pili tu ya langalanga. Gari lake lilitoka njiani kwa kasi, likapinduka likashika moto, naye yuko hai chini yake. David Purley, dereva mwenzake, alisimamisha gari lake, akavuka barabara, akajaribu kulinyanyua gari kwa mikono, akashindwa, akachukua mtungi wa kuzimia moto, ukaisha. Wasimamizi waliokuwa pale hawakuwa na nguo za kuzuia moto, hawakuweza kusogea. Mbio hazikusimamishwa. Na kamera za luninga zilikuwa zinaonyesha yote hayo moja kwa moja, mtu mmoja anapambana na moto huku magari yanapita pembeni yake.

Kwa nini madereva wengine hawakusimama? Kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na pembe moja tu, kwa sekunde mbili au tatu kila mzunguko. Waliona gari linawaka na dereva amesimama kando yake, wakadhani ni dereva wa gari hilo ametoka salama. Purley alikuwa amevaa helmeti, nani angejua? Mtazamaji aliyekaa sebuleni alijua zaidi kuliko madereva na, kwa vitendo, zaidi kuliko waliokuwa na mamlaka ya kusimamisha mbio. Williamson alikufa kwa kukosa hewa, si kwa kuungua. Kwa nesi hayo ni maneno mazito sana, maana yake ni kwamba zilikuwepo dakika. Purley alipewa nishani ya George Medal. Jackie Stewart alishinda siku ile, ushindi wake wa 26.

Siku hizi waendesha mbio wana chumba chenye picha za kila kona, na kwao kamera si burudani, ni kifaa cha usalama. Ni sawa na mashine zetu pale kaunta ya manesi, zinazoonyesha vitanda vyote kwa pamoja.

Halafu ikaja Imola, tarehe 1 Mei 1994, Ayrton Senna. Mambo mawili kuhusu kamera siku ile. La kwanza, picha za kwenda duniani zilikuwa za RAI ya Italia, na zilikaa kwenye matibabu pale chini kwa karibu mno. BBC walikuwa na kamera yao wenyewe kwenye eneo la kubadilishia matairi, wakaziacha picha za RAI na kuhamia huko, kuonyesha watu wamesimama tu wanasubiri. Hakuna kitu kwenye picha zile, na ndiyo sababu naziheshimu. La pili, gari la Senna lilikuwa na kamera yake, lakini mkanda unakatika muda mfupi sana kabla ya gari kugonga ukuta. Kesi ilipofunguliwa Italia mwaka 1997 mkanda huo ukawa hoja. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba waendesha mitambo walikuwa wamehamia kamera ya gari jingine, kwa kuwa Senna alikuwa anaongoza na mbele yake hakukuwa na kitu cha kuona. Wapo wasioamini mpaka leo. Mimi ninayekata picha naelewa jinsi jambo hilo linavyoweza kutokea: kila ukichagua jicho moja umeyafumba mengine.

Bernie Ecclestone, aliyekuwa anaitawala biashara ya langalanga, alijaribu kumpa mtazamaji mwenyewe kitufe. Kuanzia 1996 kule Ujerumani ulikuwepo mfumo wa kulipia wenye chaneli kadhaa kwa pamoja, ya magari ya mbele, ya nyuma, ya ndani ya gari, unajichagulia. Ulifungwa mwishoni mwa 2002, wateja hawakutosha. Wakati ule ulikuwa mapema mno. Leo kijana anafanya hayo hayo kwenye simu.

Na msidhani kwamba kamera zikiwa nyingi basi mambo yamenyooka. Monaco 2021 Vettel na Gasly walitoka ubavu kwa ubavu kupanda kilima, patamu kabisa, na mwongozaji akahamia marudio ya Lance Stroll akikata kona. Wazee wa wodini kwetu walipiga kelele mpaka dada mkuu akaja. Monaco palikuwa mahali pa mwisho ambapo kituo cha wenyeji kiliongoza picha chenyewe. Tangu 2023 wenye langalanga wamechukua kazi hiyo.

Sasa kwa wale mnaotaka kufanya wenyewe nyumbani, nawapa jambo moja ambalo video nyingi za mafunzo hazilisemi. Tangu Final Cut Pro 5 ya mwaka 2005, mtu wa kawaida ameweza kupanga kamera kadhaa kwenye kompyuta yake na kuhama kwa kubonyeza tu, alimradi kwanza zilingane kwa wakati. Watu wanazilinganisha kwa sauti. Kwenye harusi ni sawa, kwenye mbio si sawa. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Kamera iliyo mita 100 kutoka kwenye mstari inasikia mlio wa kuondoka ikiwa imechelewa karibu theluthi moja ya sekunde, yaani picha 7 kwa video ya picha 25. Kwa gari la kilomita 300 kwa saa hizo ni kama mita 25 za barabara! Ukikata hapo, gari linaruka. Linganisha kwa mwanga: taa za kuanzia zinapozimika, au bendera inaposhuka. Halafu chukua sauti ya kamera moja uiache iendelee chini ya picha zote, usikate sauti kila unapokata picha.

Mengine ni uvumilivu. Usihame kabla gari halijaingia kwenye kona, wala katikati ya kupitana. Acha watu waone mwisho wa jambo.

Nilifikiri najua hayo yote, mpaka mwaka jana kijana wa miaka 14 alipopinduka na karti pale uwanjani, mbele ya hema letu. Mkono ulivunjika sehemu mbili na alipoteza fahamu kwa muda mfupi. Mimi ndiye niliyemshika shingo mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Sasa yuko salama na ameshaanza tena mbio. Lakini kamera tatu zilikuwa zimerekodi, ya kwenye uzio, ya mnarani na ya kwenye karti yake. Wiki mbili baadaye baba yake aliniomba niziunganishe zote, na pale pa kupinduka nirudie polepole kutoka pande tatu, kama luninga inavyofanya. Mama yake alinipigia simu usiku ule ule akaniambia, "Sister, please, usifanye."

Nilikumbuka Bahrain, tarehe 29 Novemba 2020 (ndugu zetu wa Manama mtakuwa mnaikumbuka vizuri). Gari la Romain Grosjean lilichanika likawaka mzunguko wa kwanza. Mwongozaji alipoona moto alihama mara moja, akabaki kwenye picha za mbali. Hakurudia kipande kile mpaka ilipojulikana kwamba Grosjean ametoka, baada ya sekunde kama 28 ndani ya moto. Hapo alifanya vile ambavyo ningetaka afanye. Lakini baadaye marudio yalianza, tena na tena, wakati madereva wenzake wanasubiri kurudi kwenye magari. Daniel Ricciardo alilalamika hadharani kwamba ni kukosa heshima. Wenye luninga walijitetea kwamba mtu yu hai na ndiyo habari. Kila upande una lake, ila mimi niko na Ricciardo. Marudio ya kwanza yanaeleza. Ya sita yanamfaidisha nani?

Niliwaita wazazi wote wawili na kijana mwenyewe, nikamuuliza yeye kwanza, kwa kuwa mwili ni wake. Alitaka kujua alikosea wapi kwenye kona. Basi nikamkatia hivi: kamera ya karti mpaka gurudumu la kulia linapopanda kwenye ukingo wa njia, hapo nikahamia kamera ya mnarani, mbali, vumbi tu linaonekana, halafu bendera nyekundu. Picha ya uzio, ile ya karibu, sikuitumia kabisa. Baba alinuna kidogo akaniuliza mbona nimeharibu sehemu nzuri. Kijana aliitazama mara tatu, akasema, "Niliingia mapema." Mikanda yote mitatu nilimkabidhi mama kwenye diski, yeye ndiye ataamua siku ya kumpa. Nakala zangu nimezifuta.